Msichana wa "Bobby" anakaribia miaka 70: Kwa nini inatuuma?

Kila tunapopiga nyimbo za picha za Kihindi usiku, ujumbe wa wasikilizaji huja wa aina mbili. Wa kwanza ni wa furaha. Mtu anakumbuka alikuwa darasa la ngapi, aliingia kibanda umiza kwa shilingi ngapi, alikaa na nani. Wa pili huambatana na picha. Upande mmoja yupo msichana mwenye nywele ndefu na macho makubwa, upande wa pili yupo mama mtu mzima, na chini yake mtu ameandika kwa masikitiko kwamba jamani, huyu naye kaisha.

Msichana wa kwenye picha hizo mara nyingi ni Dimple Kapadia, yule wa "Bobby". Na swali linalofuata ni la haki kabisa: kwa nini mtu ambaye hajawahi kukanyaga India, wala kuonana na Dimple hata siku moja, aumie hivyo kana kwamba ni dada yake wa kuzaliwa ndiye aliyezeeka? Tumeona tulieleze hapa kwa maandishi, kwa sababu hewani muda hautoshi.

Picha iliyotengenezwa kulipa madeni

Tuanze na yenyewe "Bobby", maana vijana wengi wanaijua kwa nyimbo tu.

Mtengenezaji wake ni Raj Kapoor, ambaye wazee wa Pwani wanamkumbuka zaidi kwa "Awara" ya mwaka 1951. Mwaka 1970 alitoa "Mera Naam Joker", picha ndefu ya karibu saa nne aliyoihangaikia kwa miaka na kuimwagia fedha zake. Ikaanguka. Akabaki na madeni. Katika kutafuta namna ya kujinasua, akageukia kisa chepesi cha mapenzi ya vijana, na kama stelingi akamweka mwanawe Rishi. Rishi mwenyewe alieleza baadaye kwamba watu hukosea wanapodhani picha ile ilitengenezwa ili kumtoa yeye. Ilitengenezwa kulipa madeni ya "Joker".

Kwa msichana alitafutwa mtu asiyejulikana kabisa, na akapatikana Dimple.

Kisa chake unakijua hata kama hujaitazama, kwa sababu mamia ya picha zilizofuata zimekiiga. Raja ni mtoto wa tajiri, amerudi kutoka shule ya bweni. Bobby ni binti wa mvuvi Mkristo kutoka Goa, na bibi yake aliwahi kumlea Raja alipokuwa mdogo. Wanapendana, baba wa tajiri anatukana, baba wa mvuvi naye anatukanika na kukasirika, vijana wanatoroka, na mwisho wake wanajirusha kwenye maporomoko ya maji na baba zao wanaruka kuwaokoa. Ukiitazama leo utacheka sehemu kadhaa. Lakini mwaka 1973 kulikuwa na jambo jipya ndani yake: wapenzi walikuwa vijana kweli. Kabla ya hapo, mapenzi ya wanafunzi kwenye picha nyingi za Kihindi yaliigizwa na watu wazima wenye watoto nyumbani. Dimple alikuwa na miaka 16 picha ilipotoka, Rishi 21.

India ilipagawa. Blauzi za Bobby zikashonwa kila mtaa. Pikipiki ndogo ya Rajdoot iliyoonekana kwenye picha hiyo ikapewa jina la Bobby na watu wakalizoea hivyo. Katika iliyokuwa Urusi ya Kisovieti zilikatwa tiketi zaidi ya milioni 60.

Huku kwetu picha za Kihindi zilikuwa na wenyewe tangu zamani, Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na wenyewe hao hawakuwa Wahindi peke yao. Watu walijua nyimbo bila kujua lugha. Waimbaji wa taarabu walizichukua tuni za filamu na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa kazi hiyo. Baada ya majumba ya sinema ikaja mikanda ya video, kisha CD, kisha yule kijana wa dukani anayekuwekea picha kwenye memori kadi. Kila kizazi kikaletewa picha zilezile upya.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Miaka yote kwa siku moja

Fikiria jirani yako unayemwona kila siku kisimani au shambani. Amezeeka pia, lakini hukumwona akizeeka. Unywele mmoja wa mvi leo, mwingine baada ya miezi mitatu, jino limetoka, mgongo umeinama kidogo. Macho yako yalizoea polepole, na wewe ulikuwa unazeeka pamoja naye.

Staa wa sinema hana utaratibu huo. Umemwona akiwa na miaka 16 mwaka uliopita, na mwaka juzi, na miaka kumi iliyopita, kila mara ana miaka 16. Mkanda unarudishwa nyuma, anaanza upya. Halafu siku moja simu inalia, unafungua picha, na miaka 50 inakuangukia kwa mkupuo. Kwa Dimple mwenyewe miaka hiyo ilikuja siku baada ya siku kama inavyokuja kwa kila mtu. Wewe ndiye uliyeletewa yote kwa pamoja.

Kuna na sababu ya pili, na hii wataalamu wa kumbukumbu wameichunguza sana. Watu waliopita umri wa miaka 40 wakiombwa kusimulia mambo ya maisha yao, kumbukumbu nyingi kupita kiasi hutoka katika kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Ndicho kipindi cha mambo ya kwanza: kupenda mara ya kwanza, kutoka nyumbani mara ya kwanza, mshahara wa kwanza. Nyimbo na picha za wakati huo hujishikiza kwenye mambo hayo kama kupe. Kwa hiyo sura ya Dimple haikuhifadhiwa peke yake kichwani. Imehifadhiwa pamoja na shati ulilovaa, na binti uliyekaa naye nyuma, na mama yako aliyekuwa bado hai.

Ndiyo maana uchungu wake hauna uwiano. Aliyeitazama "Bobby" akiwa na miaka 16 mwaka 1974 sasa amevuka miaka 65. Anapoandika kwamba Dimple kaisha, yumkini hesabu nyingine inapigwa chini kwa chini. Mimi ni wa "Kuch Kuch Hota Hai", ya mwaka 1998, na ninakiri kwamba kila nikiona mvi za Shah Rukh Khan hugusa za kwangu.

Watu wachache hawatutendei hivyo. Divya Bharti alifariki Aprili 1993 akiwa na miaka 19, na hakuna anayetumiwa picha yake ya uzee. Kwetu Steven Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Watoto waliozaliwa baada ya kifo chake wanamtazama kijana yuleyule tuliyemtazama sisi. Hilo ndilo sharti pekee la kubaki vile, na sidhani kama kuna anayemtakia Dimple.

Kilichompata "Bobby" baada ya picha kwisha

Watu wa mwaka 1973 walikatishwa tamaa na Dimple mapema kuliko sisi, na si kwa sababu ya uzee. Alitoweka.

Machi 1973, miezi sita kabla "Bobby" haijaanza kuonyeshwa, aliolewa na Rajesh Khanna. Huyo ndiye aliyekuwa staa mkubwa kuliko wote India wakati ule, aliyetoa picha 15 mfululizo zilizofanya vizuri kati ya mwaka 1969 na 1971. Yeye alikuwa na miaka 30. Dimple alizaliwa Juni 1957, hivyo hakuwa ametimiza 16. Sheria ya ndoa ya Wahindu iliruhusu msichana wa miaka 15. Ilipandishwa hadi 18 mwaka 1978. Mume hakutaka mke anayeigiza. Desemba mwaka huohuo alizaliwa binti yao Twinkle, ambaye leo ndiye mke wa Akshay Kumar. Kwa hiyo ndiyo, wewe shabiki wa Akshay, Bobby ni mama mkwe wake.

Tutulie hapa kidogo. Sura tunayoililia, ile tunayosema bora ingebaki vilevile, ni ya mtoto ambaye picha yake ilipokuwa inajaza majumba ya sinema yeye alikuwa mjamzito, kazi ameshaachishwa. Alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike kwa picha hiyo, akaishia hapo. Sisi tulibaki na Bobby anayecheka na kuimba. Yeye alibaki na maisha yake, na mwaka 1982 alitengana na mumewe akiwa na mabinti wawili.

Picha iliyokusudiwa kumrudisha kwenye sinema ilipotoka, alikuwa na miaka 28. Picha ilikuwa "Saagar" ya mwaka 1985, ya Ramesh Sippy aliyetengeneza "Sholay", na stelingi alikuwa tena Rishi Kapoor. Hesabu ya watengenezaji ilikuwa wazi: mnawakumbuka hawa wawili, haya wamerudi. Filmfare wakampa tuzo tena. Ukiangalia "Saagar" ukitafuta Bobby utamkosa, kwa sababu aliyepo mle ni mwanamke aliyepitia mambo, na yeye hakujitahidi kuyaficha.

Kwa maoni yangu kazi yake kubwa kuliko zote ni "Rudaali" ya mwaka 1993. Anaigiza Shanichari, mwanamke maskini wa jangwa la Rajasthan katika kisa cha wanawake wanaokodiwa kulia kwenye misiba ya matajiri, naye misiba yake mwenyewe haijawahi kumtoa chozi. Serikali ya India ilimpa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Ukiipata na huelewi lugha, itazame hivyohivyo. Uso wake unatosha. Na uso ule haungewezekana mwaka 1973.

Akaendelea. "Dil Chahta Hai" mwaka 2001, mwanamke aliyeachika anayependwa na kijana. "Tenet" ya Christopher Nolan mwaka 2020, ambako wengi waliomtazama Ulaya na Marekani hawakujua kabisa kwamba aliwahi kuwa Bobby, na hawakuona cha kusikitikia. "Pathaan" mwaka 2023, mkubwa wa kazi wa Shah Rukh Khan.

Na mvulana je?

Rishi Kapoor naye alizeeka, lakini kwa ratiba tofauti. Wakati Dimple yuko nyumbani analea, yeye aliendelea kuwa kijana mpenzi kwenye picha kwa karibu miaka 20. Mwili ukanenepa, masweta yakaongezeka hadi yakawa alama yake, na bado aliimba akizunguka miti. Katika "Deewana" ya mwaka 1992 alikuwa anakaribia miaka 40, na mpenzi wake ni Divya Bharti wa miaka 18. Watazamaji walikubali. Nasi tulikubali, tusijitoe.

Hapa ndipo penye dhuluma kidogo katika masikitiko yetu. Mwanamume akizeeka kwenye sinema tunampa muda. Mwanamke tunamtumia picha. Chukua "Maine Pyar Kiya" ya mwaka 1989, ambayo kwa wengi wetu ndiyo "Bobby" ya pili. Bhagyashree aliolewa mara baada yake, akaigiza kidogo na mumewe, kisha akapotea kwa miaka mingi. Salman Khan hajapotea siku moja. Mwaka 2023 walikuwemo wote wawili katika "Kisi Ka Bhai Kisi Ki Jaan". Salman, miaka 57, ndiye stelingi, na mpenzi wake ni Pooja Hegde, miaka 32. Bhagyashree alionekana kwa muda mfupi tu, na mumewe na mwanawe. Pengo kati yake na Salman ni miaka mitatu na ushei.

Simlaumu Salman peke yake. Wanunuzi wa tiketi ndio wanaomweka kijana, kwa sababu akiwa kijana nasi bado tupo.

Rishi alijinasua kwa namna nyingine. Aliacha. Mwaka 2010 katika "Do Dooni Chaar" alikuwa mwalimu wa shule anayehangaika kununua gari, na mkewe kwenye picha ni Neetu, mkewe wa kweli. Mwaka 2012 katika "Agneepath" akawa Rauf Lala, muuza wasichana, mtu wa kutisha hasa. Waliomzoea na gitaa na masweta hawakuamini. Mwaka 2016 katika "Kapoor & Sons" alipakwa vipodozi vya kumzeesha akawa babu wa miaka 90, naye hakuwa amefika hata 64. Akapata tuzo ya Filmfare kwa nafasi hiyo ya usaidizi. Na hii haikuwa na mashaka, tofauti na ya kwanza: katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2017 alikubali mwenyewe kwamba tuzo ya "Bobby" aliilipia rupia 30,000, na kwamba jambo hilo lilimwonea haya.

Kabla hujaisambaza hiyo picha

Nirudi kwenye zile picha mbili zilizowekwa pamoja, maana mara nyingi zinadanganya hata kama zote mbili ni za kweli.

Ya kushoto imetolewa kwenye filamu. Pale kuna mtu wa vipodozi, mtu wa nywele, taa kubwa zinazomulika uso kutoka mbele ili kivuli kisikae, na huenda mpigapicha amerudia mara nyingi kabla ya kuchagua. Isitoshe, wengi wetu tuliona nakala ya nakala. Mkanda ulionakiliwa mara kumi hauonyeshi hata chunusi.

Ya kulia imepigwa kwa simu uwanja wa ndege. Jua la saa saba liko juu ya kichwa, hivyo kivuli kinaingia chini ya macho na kando ya mdomo. Simu ikisogezwa karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Jaribu kwako mwenyewe: jipige mchana ukiwa umeshika simu karibu, kisha jipige saa kumi na mbili asubuhi kivulini, mtu mwingine akiwa amesimama hatua tatu mbele yako. Utaongeza na kupunguza miaka kumi bila kwenda popote.

Siku hizi kuna na za tatu, ambazo si za kweli kabisa. Akili mnemba inaweza kumzeesha mtu au kumlaza kitandani hospitali akiwa na mipira puani. Mastaa wa zamani ndio wanaofanyiwa sana, kwa sababu watu hawajui wanafananaje leo. Kama picha inakuambia fulani yuko taabani au amefariki, na hakuna chombo cha habari unachokijua kilichosema, usiitume. Tafuta tangazo la picha yake ya karibuni, la dakika mbili. Halitakula bando sana na utamwona mwenyewe anavyotembea na kuongea.

Ukimtafuta Dimple kwa njia hiyo utakutana na "Tu Jhoothi Main Makkaar" ya Machi 2023. Anaigiza mama wa stelingi, mama mwenye kelele na mapenzi mengi. Stelingi huyo ni Ranbir Kapoor, mtoto wa Rishi. Ukitazama kwa makini utaona taya la baba yake, na Bobby anamzaba kibao.

Rishi hakuwahi kuiona. Aligunduliwa ana saratani ya damu mwaka 2018, akatibiwa New York, akafariki Mumbai tarehe 30 Aprili 2020 akiwa na miaka 67, wakati India imefungwa kwa sababu ya korona na mazishi yanahudhuriwa na watu wachache. Alikuwa ameacha picha moja nusu. Inaitwa "Sharmaji Namkeen", kisa cha mjane aliyestaafu anayegundua kwamba anachokipenda ni kupika. Badala ya kuitupa au kuanza upya, walimwita Paresh Rawal akamalizia. Ilitoka mwaka 2022. Sharma anaingia mlangoni akiwa Rishi, anatokea jikoni akiwa Paresh, halafu anarudi kuwa Rishi, na baada ya dakika chache unasahau kuhesabu.